Sirkal ya Ziwa

Kutoka Milimani, hapa Kisumu, hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 350, na ndani ya umbali huo ndimo ilimo historia nzima ya Gor Mahia. Timu ambayo Kenya nzima huihesabu kuwa ya Kisumu haikuzaliwa Kisumu. Haina uwanja wake hapa, na mechi zake nyingi za nyumbani imezichezea jijini, mbele ya watu waliokwenda huko kutafuta kazi au watoto wa watu hao. Lakini kila ifikapo tarehe 17 Februari, mwambao huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, ndio unaohesabu umri wa mtoto aliyezaliwa ugenini mwaka 1968. Wengi humwita K'Ogalo, yaani kwa Ogalo. Wenye mapenzi makali zaidi humwita Sirkal.

Sirkal ni serikali: neno la Kiswahili lililopita katika ulimi wa Kijaluo likatoka limebadilika sauti na uzito. Jamii iliyokaa nje ya serikali kwa sehemu kubwa ya maisha ya jamhuri hii iliipa timu yake ya mpira jina la Serikali, na waliolitamka hawakuwa wakifanya mzaha. Kila ninapolisikia uwanjani huona kwamba limebeba mambo mengi kuliko kombe lolote lililo kabatini.

Hadithi inaanzia relini. Reli ya Uganda ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Mji ulipopangwa, Milimani, yenye upepo wa ziwa na bustani pana, ilitengewa maafisa wa kizungu, na Mwafrika aliyelala huku alilala katika vyumba vya nyuma vya watumishi. Wengine treni ile ile iliwachukua kwenda Nairobi, Mombasa na Kampala, wakawa makuli, makarani, mafundi wa reli na wapishi. Kila walikofika walianzisha chama. Kilichokua kuliko vyote kilikuwa Luo Union, na kazi yake ya kwanza haikuwa mpira. Ilikuwa kumrudisha maiti nyumbani, kumlipia karo mtoto wa marehemu na kuwatuliza mke na mume waliogombana mbali na wazee wao.

Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Ker, yaani kiongozi mkuu, wa Luo Union katika miaka ya 1950, aliamini kwamba mtu asiye na mali hasikilizwi. Mwaka 1947 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha shirika la biashara la LUTATCO, likajenga Ramogi House hapa mjini. Na diwani Ambrose Ofafa alipouawa Nairobi wakati wa Hali ya Hatari, Wajaluo walichanga senti zao kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wakajenga ukumbi wa kumkumbuka, Ofafa Memorial Hall, papa hapa Kisumu. Naomba msomaji auweke ukumbi huo akilini, kwa sababu nitaurudia.

Chama cha namna hiyo hakingekosa timu. Luo Union ilitwaa ligi ya taifa mwaka 1964, msimu wa pili tu tangu ligi yenyewe ianzishwe. Lakini kando yake palikuwa na Luo Stars, nguvu zikagawanyika, na wapinzani wakafaidi. Abaluhya United ilichukua ubingwa mwaka 1966 na 1967. Kwa hiyo tarehe 17 Februari 1968 timu hizo mbili ziliunganishwa. Tom Mboya anatajwa miongoni mwa waliousukuma muungano huo, na hapo ndipo penye ajabu yenyewe. Mwaka 1968 uongozi wa Wajaluo ulikuwa umepasuka katikati. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU, chama tawala. Jaramogi alikuwa amekwisha kutoka humo, akaunda chama cha upinzani cha KPU mwaka 1966. Wafuasi wao hawakuweza kukaa meza moja ya siasa. Jukwaa moja la mpira waliweza.

Jina walilitoa Kanyamwa, sehemu za Ndhiwa, kwa Gor wa Ogada, jabilo, yaani mganga na mtabiri, ambaye wazee husimulia kwamba angeweza kutoweka machoni pa adui na kutabiri yatakayokuja. Kwa miujiza hiyo akaitwa Mahia. Jina lilifaa: msimu wake wa kwanza kabisa, Gor Mahia ikawa bingwa wa Kenya.

Furaha hiyo haikufikisha mwaka wa pili. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi mchana katika barabara ya Government, Nairobi, mtaa unaoitwa leo Moi Avenue. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo mpaka leo watu wazima huiita Russia. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukazomea, walinzi wakafyatua risasi. Waliokufa walikuwa wananchi wa kawaida, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Sielewi mtu anawezaje kuandika historia ya Gor Mahia bila ya siku hiyo. Timu ilikuwa na umri wa miezi ishirini. Mmoja wa waliohimiza kuzaliwa kwake alikuwa kaburini, kule Kisiwa cha Rusinga. Chama cha siasa cha wengi wa mashabiki wake kilikuwa kimefutwa. Kilichobaki ni kununua tiketi siku ya Jumapili.

Wakanunua. Uwanja wa Barabara ya Jogoo, ambao kabla ya hapo uliitwa African Stadium na leo umepewa jina la Joe Kadenge, ulijaa. Allan Thigo na William Chege Ouma wakawa majina ya kuitia watoto. Ubingwa ulirudi mwaka 1974, na mwaka 1976 ukapatikana bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikachapwa na Canon ya Yaoundé jumla ya mabao 8 kwa 0. Kichapo hicho kiliuma, ila fainali ya bara ilikuwa imeonekana kwa macho.

Mwaka uliofuata likaja pigo la namna nyingine. Rais Moi aliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na klabu zenye majina ya makabila ziyabadili. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union, ambayo wakati huo ilikuwa imerudi uwanjani kama timu na kutwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, ikawa Reunion. Jina la Gor lilikuwa la mtu, si la kabila, na ndilo lililopo leo.

Amri hiyo iliyokusudiwa kupunguza ukabila mpirani iliifanya Gor kuwa kubwa kuliko klabu. Luo Union, mama aliyezika, aliyesomesha na aliyesuluhisha, alikuwa ameondolewa. KPU ilikuwa imeondoka zamani. Jaramogi alizuiwa kugombea. Mahali pekee palipobaki ambapo Wajaluo elfu ishirini wangekusanyika bila kibali cha mkuu wa wilaya ni mechi ya Gor. Mzigo wote wa chama, wa kanisa na wa bunge ukatuliwa juu ya mabega ya vijana kumi na mmoja wenye kaptura.

Huku kwetu mzigo huo ulisikika kwa redio. Katika vyumba vya nyuma vya Milimani, kwenye vibanda vya Nyalenda, kwenye fukwe za Dunga ambako wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu, redio moja ilitosha watu thelathini. Sauti ilikuwa ya Kiswahili, ya Leonard Mambo Mbotela na wenzake wa Sauti ya Kenya, na ninaamini kwamba mpira uliwafundisha watu wa ziwa Kiswahili kuliko shule nyingi. Mzee ambaye sokoni angekataa kukisema alijua vizuri maana ya kona, penalti, mkwaju na mlinda lango.

Halafu ukaja mwaka 1987. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulikuwa umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwezi Agosti, na timu ya taifa, Harambee Stars, ilifika fainali ya michezo hiyo ikafungwa na Misri 1-0 mbele ya taifa zima. Jeraha halikuwa limepona Gor ilipokutana na Espérance ya Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi. Tunis walitoka sare ya 2-2. Desemba, Kasarani, wakatoka sare ya 1-1. Mabao mawili ya ugenini yakatosha. Peter Dawo alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora mwenye mabao 10. Kocha alikuwa Mwingereza Jack Johnson. Nahodha alikuwa Austin Oduor, aliyejulikana kama Makamu. Katika kikosi alikuwemo Abbas Khamis Magongo, na jina hilo peke yake linatosha kumjibu anayedhani Gor iliwahi kuwa timu ya damu moja tu.

Kombe lile lilikuwa limepewa jina la Nelson Mandela. Siku Austin Oduor alipolipokea, Mandela alikuwa bado kifungoni. Raila, mwana wa Jaramogi, alikuwa kizuizini tangu baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, na asingetoka hadi Februari 1988. Nani katika jukwaa lile hakuyajua hayo? Hakuna aliyehitaji kuyasema. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara.

Nitasema sasa juu ya fedha, maana huko ndiko klabu ilikoumia zaidi, na nasema kwa uchungu wa mtu wa nyumbani. Kwa miaka mingi Gor iliishi kwa kiingilio na mchango. Hakukuwa na tajiri mwenye klabu, na hilo lilikuwa fahari. Wachezaji waliajiriwa na mashirika ya umma, wakafanya mazoezi jioni. Lakini mali ya wote inataka hesabu ya wote. Hesabu ya mlangoni ilijulikana kwa wachache waliokaa karibu na mlango. Na kwa kuwa klabu ilikuwa njia ya kufikia mioyo ya watu wengi, kila mwanasiasa alitaka kuonekana kwenye benchi lake. Job Omino aliongoza Shirikisho la Kandanda la Kenya na pia akawa mbunge wa Kisumu Mjini. Kenneth Matiba na Peter Kenneth nao waliongoza shirikisho hilo, na wote wawili baadaye wakagombea urais wa nchi. Mpira wetu ulikuwa ngazi. Waliopanda walifika juu, na ngazi ikaachwa nje kwenye mvua.

Baada ya ubingwa wa 1995 Gor ilikaa miaka 18 bila kuuona mwingine. Serikali ilipokuwa ikibana matumizi, mashirika yaliyowaajiri wachezaji yakafifia, televisheni ikaleta ligi ya Uingereza sebuleni, na kijana wa Kondele, hapa Kisumu, akajua majina ya mabeki wa Arsenal kabla ya kujua ya mabeki wa K'Ogalo. Waliobaki uwanjani ni wale wasiokubali kuondoka. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika mechi ya Gor na AFC Leopards uwanjani Nyayo, umati ulisongamana langoni na watu saba wakafa. Mechi hiyo tunaiita ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani na hakuna boma Kisumu lisilo na mkwe wa upande wa pili. Saba hao waliomba tu kuingia.

Udhamini ulipokuja ulikuja na siasa zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 jezi ya kijani ilivaa jina la Tuzo, maziwa ya kampuni ya Brookside, ambayo ni ya familia ya Kenyatta. Machi 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kumshinda Raila Odinga, aliyekuwa mlezi wa klabu. Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi huo na damu ikamwagika tena Kisumu. Mwaka huohuo Gor, ikiwa na jina la maziwa hayo kifuani, ikamaliza ukame wa miaka 18. Mashabiki waliivaa jezi hiyo bila kusita. Waliifahamu tofauti ya mgongo na kifua: mgongoni wanaandika majina yao, kifuani anaandika anayelipa.

Ikafuata enzi ya kubashiri. Mwaka 2015 ubingwa ulipatikana bila kufungwa, Michael Olunga akiwa mbele. Kijana huyo baadaye alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani mwaka 2020 na kutajwa mchezaji bora wa ligi hiyo. SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyoidhamini Gor, ikaileta Everton ya Uingereza Dar es Salaam tarehe 13 Julai 2017. Wayne Rooney akafunga, Jacques Tuyisenge wa Rwanda akasawazisha, na Everton ikashinda 2-1. Mwaka uliofuata Gor ilikwenda Goodison Park. Lakini fedha za kamari zilikuwa fedha za vijana hao hao wa Kondele na Manyatta, zikitoka mfukoni mwao kwa simu na kurudi uwanjani zimepungua. Serikali ilipopandisha kodi ya kubashiri hadi asilimia 35, kampuni ikasitisha udhamini Januari 2018, ikarudi, kisha ikaondoka 2019 leseni zilipokataliwa. Klabu bingwa ikabaki na wachezaji wasiolipwa. Mwaka 2023 Gor ilitwaa tena ligi, halafu ikazuiwa kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa sababu ya madeni. Haki ya uwanjani ilipotezwa ofisini. Msimu uliofuata vijana wakatwaa ligi ya 21.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2014, saa tano kwa saa zetu, Kisumu ilikaa macho kutazama Ubelgiji na Marekani kule Salvador, Brazil. Dakika ya kwanza tu mshambuliaji kijana wa Ubelgiji alimfikia Tim Howard, na kipa huyo akaokoa kwa mguu. Kijana alikuwa Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars kisha akahamia Ubelgiji; baba yake mkubwa ni Austin Oduor, yule aliyepokea Kombe la Mandela. Ubelgiji ilishinda 2-1 baada ya muda wa nyongeza, na miaka mitano baadaye Divock akaifungia Liverpool katika fainali ya Ulaya.

Wamarekani, waliofungwa usiku ule, nao wana kilio chao cha mpira. Kwao mzazi hulipa ada kubwa ili mtoto acheze, na maskini hubaki nje. Lakini walipopewa Kombe la Dunia la mwaka 1994, lililetwa, likachezwa, na miaka miwili baadaye wakawa na ligi mpya. Kenya ilikuwa imepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikanyang'anywa kwa kukosa maandalizi, likaenda Afrika Kusini. Mandela akalikabidhi akiwa amevaa jezi ya nchi yake. Mwaka 1987 tulilitwaa kombe lenye jina lake, na miaka tisa baadaye tukashindwa kuandaa mashindano ambayo yeye mwenyewe angeweza kuja kwetu kuyatazama.

Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Mwili ulipofika, watu walimiminika Kasarani kumwona, na katika uwanja ule ule wa Desemba 1987 polisi walifyatua risasi na waombolezaji wakafa. Tarehe 18 Oktoba mwili uliletwa Mamboleo, uwanja wa Jomo Kenyatta hapa Kisumu, ambao serikali iliufungua kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Toka alfajiri barabara zilijaa watu wa miguu na boda boda. Wengi hawakuwahi kumwona kwa karibu isipokuwa jukwaani, siku ya mechi au ya mkutano wa hadhara, na tangu Luo Union ivunjwe siku hizo mbili zimekuwa kama siku moja kwetu. Kesho yake akazikwa Bondo.

Uwanja huo wa Mamboleo ni wa umma. Kasarani ni wa umma, na ule wa Barabara ya Jogoo vilevile. Gor Mahia, iliyokuwa na ubingwa wa ligi mara 21 kufikia mwaka 2024 na kombe la bara, haina kiwanja chake hata cha mazoezi kilichojengwa kwa mchango wa watu wake. Nimewauliza wazee wawili watatu wa mtaani kwetu kwa nini, na kila mmoja ananijibu kwa kutaja jina la kiongozi fulani aliyeahidi. Kutoka hapa Milimani hadi Ofafa Memorial Hall ni mwendo wa boda boda wa dakika chache. Waliochanga senti zao wakaujenga walikuwa mafundi wa reli, wapishi na makarani.